Mnyama Kishatoka Kwenye Fremu: Jinsi ya Kukabiliana na Kuchelewa kwa Shata

Unabonyeza kitufe mbwa akiwa hewani, picha inatoka na mkia pembeni, pengine nyasi tupu. Kati ya kidole kubonyeza na sensa kuanza kupokea mwanga kuna muda unapita, na huko ndiko kuchelewa kwa shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga. Ukimpiga picha mtu aliyekaa, muda huo huutambui. Kwa mnyama anayekimbia, muda ni umbali. Mbwa anayekwenda mita 10 kwa sekunde husogea mita 4 kamera ikichelewa sekunde 0.4, na nusu mita tu ikichelewa sekunde 0.05. Wengi wakiona hivyo hudhani dawa ni kununua kamera nyingine. Mara nyingi namba zote mbili ni za kamera moja: ya kwanza imeachiwa kazi yote dakika ya mwisho, ya pili imemaliza kazi yake kabla mnyama hajafika.

Hakikisha kwanza ndiyo shida yenyewe

Fungua picha zilizoharibika uzitazame kwa ukubwa kamili kwenye kompyuta. Kama manyoya yanaonekana vizuri lakini mnyama yupo pasipotakiwa, au ameshageuza kichwa, hapo ni kuchelewa. Kama mnyama ana ukungu uliovutika kuelekea anakokwenda huku majani ya nyuma yako wazi, kasi ya shata ni ndogo. Ukungu wake ukiwa laini pande zote na nyasi za mbele au nyuma yake ndizo zilizo wazi, fokasi imekaa mahali pengine. Na kama picha nzima imevutika upande mmoja, mkono ulitikisika. Usiruke hatua hii, maana makosa haya manne yana tiba nne tofauti, na mtu anaweza kuhangaika na menyu wiki nzima akitibu lisilomuumiza.

Muda unapotelea wapi

Kamera haifungui shata papo hapo. Huamka kama ilikuwa imelala, hutafuta fokasi, hupima mwanga, hupima flashi kama imewashwa, hufunga tundu la lenzi hadi kipimo ulichochagua, na kama ni DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani mbele ya sensa, huinua kioo chake. Ndipo shata hufunguka. Kila hatua ina muda wake, na fokasi ndiyo inayokula sehemu kubwa kuliko zote.

Kamera ndogo za mfukoni, hasa za zamani, hutafuta fokasi kwa kulinganisha ukali: lenzi husogea, hupita pale picha ilipo wazi, hugundua imepita, hurudi. Mwanga ukiwa hafifu, au zumu ikiwa imevutwa hadi mwisho, safari hiyo inaweza kukaribia sekunde nzima. Mfumo wa awamu, uliomo kwenye DSLR na kwenye sensa za kamera nyingi za kisasa zisizo na kioo, hujua tangu mwanzo lenzi isogee upande gani na kwa kiasi gani, kwa hiyo ni mwepesi zaidi.

Flashi ya kawaida hutoa mmweko mdogo wa kupimia kabla ya mmweko wenyewe. Ile taa ya kupunguza macho mekundu ni mbaya zaidi, kwa sababu inaweza kuongeza karibu sekunde moja. Kwa wanyama haina faida kubwa pia. Macho ya paka na mbwa hung'aa kijani au manjano kwa sababu yana utando unaorudisha mwanga nyuma ya retina, na kuwamulika kwanza hakuondoi mng'ao huo. Izime. Ukiweza, zima flashi yote utumie mwanga wa nje.

Kwenye DSLR, chungulia kwenye kitundu, usipige ukitazama skrini ya nyuma. Ukitumia skrini, baadhi ya modeli hulazimika kushusha kioo ili zipate fokasi kisha kukiinua tena. Kamera zisizo na kioo hazina cha kuinua, lakini shata yao ya chuma hukaa wazi muda wote ili skrini ipate picha. Ukibonyeza, sharti ifunge kwanza ndipo ianze kazi. Ukichagua kwenye menyu pazia la kwanza la kielektroniki, hatua hiyo ya kufunga inaondoka. Skrini nayo huonyesha jambo lililokwisha kupita kidogo, kwa hiyo kama kamera yako ina chaguo la kuongeza kasi ya skrini hadi fremu 120 kwa sekunde, liwashe, hata kama betri itakwisha mapema.

Kuna usingizi pia. Kamera iliyojizima kuokoa betri inaweza kuchukua sekunde moja au mbili kuamka. Weka muda wa kujizima dakika 5 au zaidi, gusa kitufe kila baada ya muda kidogo, na uwe na betri ya akiba.

Pima, usikisie

Vipimo viwili vinatosha. Cha kwanza ni cha kamera peke yake. Fungua saa ya kuhesabia sekunde, inayoonyesha hadi sehemu ya mia, kwenye skrini ya kompyuta au simu nyingine. Ielekezee kamera, weka kasi ya shata 1/250 ya sekunde, hesabu sekunde kwa mdomo hadi uingie kwenye mwendo wake, kisha bonyeza ili kidole kifike chini sambamba na sekunde kamili, tuseme 5.00. Picha ikionyesha 5.38, kamera imechelewa sekunde 0.38. Rudia mara kumi uchukue wastani. Skrini nyingi hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila kipimo kinaweza kukosea kwa takriban sekunde 0.02. Kisha fanya tena mara kumi, safari hii ukiwa umeshabonyeza kitufe nusu na fokasi imekaa. Tofauti ya wastani hizo mbili ni muda unaoweza kuurudisha bila kununua chochote.

Kipimo cha pili kinakuhusisha wewe. Bandika alama ukutani kila sentimita 10, kutoka mita 2 kushuka chini. Weka fokasi ukutani, shata 1/1000. Mwenzako ashike mpira mdogo usawa wa alama ya juu kabisa, auachie bila kukuambia. Bonyeza pindi uonapo umeachiwa, halafu soma kwenye picha umeanguka kiasi gani. Sentimita 20 ni sekunde 0.2. Sentimita 44 ni 0.3. Sentimita 78 ni 0.4, na mita 1.22 ni nusu sekunde. Namba hii inajumlisha kamera, jicho na kidole, na ndiyo utakayoitumia uwandani. Mtu mwenye kamera iliyokwisha pata fokasi mara nyingi huangukia karibu na 0.3, kwa kuwa binadamu mwenyewe hutumia sekunde 0.2 hivi kuona na kuitikia. Hakuna kamera itakayokuondolea hizo 0.2 kwa kubonyeza haraka zaidi. Zinaondoka kwa kubonyeza mapema.

Nusu kitufe

Hili ndilo jambo lenye faida kubwa kuliko yote, na linafanya kazi kwenye kamera za kila bei. Kitufe cha shata kina ngazi mbili. Bonyeza hadi ngazi ya kwanza: kamera inapata fokasi, inapima mwanga, na inatoa mlio au alama ya kijani. Shikilia hapohapo. Wakati ukifika, malizia ngazi ya pili kwa kukaza ncha ya kidole tu. Usikiinue kidole ukakipiga tena, kwa sababu ukikiinua umeifuta fokasi na kamera itaanza upya.

Kama mnyama bado hayupo, lenga kitu kilicho umbali uleule atakapopita: jiwe, kisiki, mstari wa nyasi. Kosa la kawaida ni kulenga kitu kilicho mbele au nyuma ya njia yake kisha kushangaa picha ina ukungu. Kosa la pili ni kushikilia fokasi wakati mnyama anakuja moja kwa moja kuelekea kwako, kwani baada ya sekunde moja umbali wa awali si wake tena. Akipita kushoto kwenda kulia mbele yako, nusu kitufe inatosha. Akikujia, tumia mojawapo ya njia mbili zinazofuata.

Fokasi inayofuata

Fokasi endelevu huandikwa AF-C kwenye Nikon, Sony na Fujifilm, na AI Servo au Servo AF kwenye Canon. Ukishikilia kitufe, lenzi huendelea kurekebisha umbali kadiri mnyama anavyosogea, na hukadiria atakuwa wapi shata itakapofunguka. Ipe nafasi ya kumzoea: anza kumfuata angalau nusu sekunde kabla ya kupiga. Mtu anayeinua kamera na kupiga kwa mkupuo mmoja hataona faida yake.

Tafuta pia kwenye menyu mpangilio wa kipaumbele, shata au fokasi. Kipaumbele kikiwa fokasi, kamera hugoma kupiga hadi iridhike, na mgomo huo ndio wengi wanaouita kuchelewa. Kwa mnyama anayekimbia weka kipaumbele cha shata, ukijua fremu chache zitatoka na ukungu. Kupata fremu tatu nzuri kati ya nane ni bora kuliko kamera iliyonyamaza.

Kama kamera ina kitufe cha AF-ON nyuma, kipe kazi ya fokasi, uiondoe kwenye kitufe cha juu. Kidole gumba kinashika fokasi, cha shahada kinapiga tu. Mara ya kwanza mikono itachanganyikiwa, lakini ukizoea utaona kwamba kitufe cha shata sasa hakina kingine cha kusubiri. Lenzi ndefu nyingi zina swichi ya kuzuia fokasi isitafute karibu sana. Iweke upande wa mbali, la sivyo lenzi ikipoteza shabaha itasafiri hadi mwanzo wa masafa na kurudi, na ndege atakuwa ameshapita.

Kuhusu eneo la fokasi: nukta moja ndogo inahitaji mkono imara sana. Kundi la nukta au eneo la kati ni rahisi zaidi kwa mnyama mwepesi. Kamera yenye kutambua jicho la mnyama, iwashie, ila iangalie kwenye vichaka, kwa sababu matawi yaliyo mbele huipotosha.

Mtego wa fokasi

Kwa kamera yenye fokasi nzito, hii ndiyo njia yetu ya kwanza. Chagua mahali mnyama atakapopita: kizuizi anachoruka, kona ya njia, kitawi anachotua ndege. Pata fokasi hapo, kisha hamisha lenzi kwenye fokasi ya mkono ili isiguswe tena. Weka mwangaza kwa mkono pia kama hali ya hewa haibadilikibadiliki. Funga tundu la lenzi hadi f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) ili uwe na kina cha kutosha, yaani umbali wa mbele hadi nyuma unaotoka wazi.

Kina hicho kinategemea sana lenzi. Kwenye kamera yenye sensa ya APS-C (ukubwa wa sensa ulio wa kawaida kwenye DSLR za bei ya kati), lenzi ya milimita 50 kwa f/8 iliyolengwa mita 5 huonyesha vizuri kuanzia takriban mita 3.8 hadi 7.4. Hapo mbwa mzima anaingia na nafasi inabaki. Lenzi ya milimita 200 kwa f/8 iliyolengwa mita 10 ina kama sentimita 80 tu kwa jumla, na ukifungua hadi f/4 zinabaki 40. Kwa lenzi ndefu, basi, mtego unafaa kwa mnyama anayepita ubavuni, siyo anayekujia.

Sasa tumia namba ya mpira. Kama jumla yako ni sekunde 0.3 na mbwa anakwenda mita 10 kwa sekunde, sharti ubonyeze akiwa mita 3 kabla ya mtego. Tafuta alama ya asili mita 3 nyuma, na pua yake ikiigusa, bonyeza. Usisubiri umwone mtegoni, maana ukimwona hapo umeshamkosa.

Kupiga mfululizo hakutibu kila kitu

Fremu 10 kwa sekunde zinasikika nyingi, lakini kati ya fremu na fremu mbwa yuleyule anasogea mita nzima. Isitoshe, fremu ya kwanza ya mfululizo huchelewa kama fremu nyingine yoyote. Mfululizo unasaidia ukianza kabla ya tukio, na uwe mfupi: sekunde moja, pumzika, sekunde moja tena. Ukishikilia kitufe, hifadhi ya muda ndani ya kamera hujaa na kasi hushuka ghafla, mara nyingi wakati uleule jambo zuri linapotokea. Hesabu yake ni nyepesi: faili ghafi la MB 25 mara 10 ni MB 250 kila sekunde, wakati kadi ya kumbukumbu ya aina ya UHS-I ndani ya kamera kwa kawaida haivuki MB 104 kwa sekunde, na alama ya V30 inakuhakikishia MB 30 tu za kuandika. Ukihitaji mifululizo mirefu, piga JPEG. Zima pia kuonyesha picha baada ya kupiga, na marekebisho ya lenzi yanayofanyika ndani ya kamera, kama modeli yako hupungua kasi kwa sababu hiyo.

Baadhi ya kamera za kisasa zina njia inayoondoa hata ucheleweshaji wa binadamu. Olympus, sasa OM System, huiita Pro Capture. Panasonic, Nikon, Fujifilm, Canon na Sony nazo wana yao kwenye modeli kadhaa. Ukishikilia nusu kitufe, kamera hupiga na kufuta bila kuacha. Ukimalizia kubonyeza, huhifadhi na fremu za nusu sekunde au zaidi zilizotangulia. Kwa ndege anayeruka kutoka tawini hakuna kinachoifikia. Gharama zake: betri inakwenda haraka, modeli nyingine hutoa JPEG tu, na shata ya kielektroniki husoma sensa mstari kwa mstari, hivyo mabawa yanayopiga kwa kasi yanaweza kutoka yamepinda. Sensa zinazosoma haraka hupunguza kasoro hiyo.

Mjue mnyama

Mbwa anaporuka juu kiasi cha nusu mita, hutumia sekunde 0.32 kufika kileleni na nyingine 0.32 kushuka. Robo ya juu kabisa ya mruko huchukua nusu ya muda wote aliokaa hewani, kwa sababu huko ndiko anakopunguza mwendo hadi kusimama kwa kitambo. Tazama inavyolingana: ukibonyeza pale miguu ya nyuma inapoachana na ardhi, na jumla yako ikiwa 0.3, picha inampata karibu kileleni kabisa. Ukiwa hukushika nusu kitufe na jumla ikawa 0.7, ameshatua. Kileleni pia kasi yake ya kupanda na kushuka ni ndogo, kwa hiyo ukungu unapungua.

Kabla ya kuruka, mbwa huinama mbele na kurudisha uzito miguu ya nyuma. Paka hutikisa makalio kabla ya kurukia kitu. Ndege huchuchumaa, hukaza mwili, mara nyingi hunya, na huondoka akielekea upepo unakotoka, basi jua upepo unavuma wapi kabla ya kuchagua pa kusimama na uache nafasi upande huo wa fremu. Farasi akikimbia kasi, miguu yote minne huachana na ardhi wakati imekusanyika chini ya tumbo, siyo ikiwa imenyooshwa kama wachoraji wengi walivyozoea kuionyesha. Jambo hilo lilithibitishwa na picha za Eadweard Muybridge huko Palo Alto, Marekani, mwaka 1878, zilizopigwa kwa kamera zilizopangwa safu kandokando ya njia. Kwa hiyo usisubiri kuona miguu imekunjwa. Ingia kwenye mdundo wa kwato, ubonyeze pigo moja kabla.

Fungua macho yote mawili. Moja kwenye kitundu, jingine likitazama nje ya fremu, ili mnyama asikushtue akiingia.

Kasi za shata za kuanzia: anayetembea 1/250, anayekimbia 1/1000, ndege arukaye 1/2000 au zaidi. Ongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, bila woga. Chembechembe inazoleta husafishika baadaye, ukungu wa mwendo hausafishiki kirahisi.

Ukiwa na simu

Simu nyingi za sasa huhifadhi fremu mfululizo tangu unapofungua kamera, na huchukua ile iliyo karibu na mguso wako, kwa hiyo kwenye mwanga mzuri huchelewa kidogo sana. Kinachowakwamisha watu ni kwingine. Baadhi ya simu hupiga unapoinua kidole, siyo unapogusa, hivyo gusa na uachie kwa mwendo mmoja mwepesi, au tumia kitufe cha sauti kama simu inaruhusu. Modi ya usiku huunganisha fremu nyingi, na mbwa akisogea hutoka na vivuli viwili viwili, basi izime. Gusa skrini mahali atakapopita, ushikilie hadi fokasi ijifunge, ndipo usubiri. Kwenye iPhone, acha Live Photo ikiwa imewashwa: hurekodi sekunde 1.5 kabla na 1.5 baada ya kubonyeza, na unaweza kuchagua fremu nyingine baadaye, japo ubora wake hushuka kidogo.

Kama bado unamkosa, rekodi video ya 4K kwa fremu 60 kwa sekunde, utoe fremu unayoitaka. Kila moja ina pikseli milioni 8 hivi, zinazotosha kwa skrini na kwa chapa ndogo. Fanya hivyo kwenye jua kali, kwa maana mwanga ukipungua simu hushusha kasi ya shata hadi 1/60, na miguu ya mnyama itatoka ukungu mtupu kwenye kila fremu.